Usishangae Meno Yangu Yakizidi Kuharibika

Msomaji mpenzi, ukipata kukutana nami siku hizi mjini Kisii, labda pale soko la Daraja Mbili nikichagua ndizi, tafadhali usinionee huruma. Najua utakachokiona. Utamwona mwanamke wa miaka 33 aliyejaa vyuma mdomoni kama mwanafunzi wa sekondari, na kidevu kilichotangulia mbele kana kwamba kina haraka ya kufika. Tena, kama ulinijua miaka miwili iliyopita, utasema kimoyomoyo kwamba vyuma hivyo havijanifaa chochote, kwa maana meno yangu ya chini yamejitokeza mbele ya yale ya juu kuliko ilivyokuwa hapo awali. Hutakuwa umekosea. Yamejitokeza zaidi. Na nimelipa pesa, tena si haba, ili yajitokeze hivyo.

Je, nimerukwa na akili? La hasha! Najitayarisha kupasuliwa taya, na haya unayoyaona ni maandalizi. Nayaandika haya kwa ajili yenu wazazi mnaowatazama watoto wenu mezani mkijiuliza mbona hawaumi chakula kama wengine, na kwa ajili yenu wanafunzi mnaofunika mdomo kwa kiganja kila mnapocheka.

Kwanza nikujulishe taya lenyewe. Katika watu wengi, meno ya juu ya mbele hupita kidogo mbele ya yale ya chini, kama kifuniko kinavyopita ukingo wa sufuria. Kwangu sufuria ndiyo iliyopita kifuniko. Taya la chini lilikua likaliacha la juu nyuma. Siwezi kukata kipande cha muwa kwa meno ya mbele, wala kuguguna hindi la kuchoma. Hupukuchua punje kwa kidole nikazitia mdomoni moja moja, na wenzangu husema nakula kama kuku.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hujawahi kulifikiria. Ili kutamka 'f' na 'v', mtu hugusisha mdomo wa chini na meno ya juu. Jaribu hapo ulipo, utaona. Mimi nilijifunza kinyume: mdomo wa juu hugusa meno ya chini. Sauti hutoka, lakini hutoka na upepo. Nilipokuwa nikisomea uandishi wa habari, mwalimu wa utangazaji aliniita kando akaniambia kwa upole kwamba kalamu itanifaa kuliko maikrofoni. Kalamu imenifaa, sikatai. Ila sikuichagua peke yangu.

Kwetu Nyamira, kwenye vilima vya chai upande wa Kebirigo, taya hili halikuitwa ugonjwa. Lilikuwa alama ya ukoo. Baba alikuwa nalo, na shangazi zangu wawili wanalo. Wala si sisi peke yetu duniani. Wafalme wa ukoo wa Habsburg waliotawala Uhispania na sehemu kubwa ya Ulaya waliachiana taya la namna hii kizazi hadi kizazi, hata wachoraji wao walioajiriwa kuwasifu hawakuweza kulificha. Mfalme Charles wa Pili wa Uhispania, aliyefariki mwaka 1700, alitatizika kutafuna chakula maisha yake yote. Niliposoma hayo nilifarijika kidogo, ingawa ufalme wenyewe haukufika Kebirigo.

Kilichonipeleka kwa daktari hakikuwa urembo. Kwa kuwa meno ya mbele hayakutani vizuri, magego ndiyo yaliyobeba kazi yote kwa miaka 30, na sasa yalikuwa yamesagika vibaya. Aidha, nilianza kuumwa mbele ya sikio kila nilipotafuna nyama. Daktari wa meno wa hapa mjini alinichunguza, akanishauri niende Nairobi, kwa maana waliobobea katika kunyoosha meno na wale wapasuaji wa taya wengi wao wako huko, jijini ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970.

Huko Nairobi ndiko nilikopata somo ambalo natamani kila mzazi alipate kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Daktari hakunitia waya siku hiyo. Alinipiga picha ya eksirei ya kichwa kwa upande, akachukua nakala ya meno yangu kwa plasta, kisha akanieleza kwamba nimefika njia panda. Nyaya za meno zinaweza kufanya kazi mbili, na kazi hizo mbili hupingana. Kazi ya kwanza ni kuficha. Meno ya juu husukumwa mbele, ya chini yakavutwa nyuma, mpaka yakutane, ingawa mifupa iliyoyabeba inabaki pale pale. Mtu ambaye kasoro yake ni ndogo hufaidika sana kwa njia hiyo, na hana haja ya kisu. Kazi ya pili ni kutayarisha upasuaji. Hapo kila jino husimamishwa wima juu ya mfupa wake: ya juu yanarudi nyuma, ya chini yanakwenda mbele. Mifupa huachiwa mpasuaji.

Sababu ni kwamba mwili wenyewe huanza kuficha tangu utotoni. Ulimi na midomo huyasukuma meno yatafutane. Ya juu yakainama mbele, ya chini yakainama nyuma, hivi kwamba taya lililopishana kwa milimita 10, kwa mfano, linaweza kuonyesha pengo la milimita 3 tu mdomoni. Mpasuaji akilirudisha taya nyuma kabla ya meno kusimamishwa, meno yatagongana mapema na mfupa hautafika unapotakiwa kufika. Kwa hivyo nyaya hufichua lile lililofichwa, na ukubwa kamili wa kasoro huonekana na kila mtu barabarani.

Umeona basi, msomaji? Anayeanza njia ya kuficha kisha akageuka katikati hana budi kuyarudisha meno yote yalikotoka na kupita. Uamuzi wa kisu hufanywa kabla ya waya wa kwanza.

Niliwaza mwezi mzima. Mjomba wangu alipopata habari alinijia na swali lake. Lakini sharti nikupe kwanza jambo la kwetu, maana wasomaji wa mbali huenda hawalijui. Abagusii walikuwa na wapasuaji wa vichwa walioitwa ababari. Mtu aliyepigwa rungu au kuanguka, akawa anaumwa kichwa bila kukoma, alipelekwa kwa omobari. Huyo alipasua ngozi ya kichwa, akakwangua mfupa wa fuvu taratibu mpaka akaitoa sehemu iliyoumia. Edward Margetts, daktari kutoka Kanada aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika juu ya upasuaji huo, ambao uliendelea kufanywa hata baada ya uhuru. Babu yangu mzaa mama alikuwa na kovu lake utosini, bonde dogo lililoweza kulaza kidole gumba.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "babu yako alifunguliwa kichwa kwa asubuhi moja, na kesho yake akala obokima. Hao wako wa Nairobi wanatafuta nini kwenye meno mwaka mzima na zaidi?"

Nikamwambia, "Mjomba, fuvu halina mwenzake wa kukutana naye. Taya lina."

Alinyamaza, akauma meno yake mara mbili kama mtu anayeyahesabu, kisha akaomba chai.

Vyuma vilitiwa miezi 17 iliyopita. Kila jino lilibandikwa kifungo kidogo cha chuma, na waya mwembamba ukapitishwa kutoka kimoja hadi kingine. Kila baada ya wiki tano hivi mimi hupanda matatu alfajiri, kilomita 300 hivi kupitia Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu, nikatiwe waya mnene kidogo kuliko uliotangulia. Daktari hufanya kazi yake kwa nusu saa, kisha narudi.

Meno hayavutwi kwa nguvu kama misumari. Waya hulisukuma jino kidogo tu. Mfupa ulio mbele ya jino huyeyushwa na mwili wenyewe, na nyuma yake mfupa mpya ukajengwa. Ukisimama juu ya mto Gucha mahali unapopinda utaona jambo hilohilo: ukingo mmoja unaliwa, ule mwingine unajazwa mchanga, na mto wote unahama bila mtu kuusikia. Mwendo wa jino ni kama milimita moja kwa mwezi. Ukitaka haraka zaidi, mizizi ya meno huumia.

Siku tatu za kwanza baada ya kila waya mpya ni za uji wa wimbi. Nashukuru kuzaliwa katika nchi ya ndizi, kwa maana ndizi iliyoiva haihitaji jino. Muwa umepigwa marufuku, mahindi ya kuchoma na njugu karanga pia, kwa sababu kifungo kimoja kikibanduka ni wiki nzima imepotea. Na mboga ya chinsaga, ambayo Mkisii hawezi kumaliza wiki bila kuila, hujisokota kwenye nyaya kama uzi kwenye cherehani. Nimewahi kumhoji chifu dakika 20 nikiwa na jani zima limening'inia mdomoni, naye kwa heshima zake hakusema neno. Tangu siku hiyo mswaki hukaa mkobani kando ya daftari. Chakula kinapolala chini ya nyaya meno huoza, na jino lililooza haliwezi kubeba kazi iliyo mbele.

Ilipofika mwezi wa nane, mambo yakaanza kuonekana. Meno ya juu yalikuwa yamerudi, ya chini yamesonga, na kidevu kikazidi kuonekana. Mpiga picha wetu kazini akaanza kuniweka pembeni kwenye picha za pamoja. Kondakta mmoja akaniuliza kama nilipata ajali. Hayo niliyavumilia. Lililonichoma ni Mama. Bima yangu ilikuwa imehesabu nyaya za meno kuwa urembo, ikakataa kuzilipia, naye Mama akatoa bonasi yake ya chai yote ili nilipe awamu ya kwanza. Mimi ni mtu mzima mwenye mshahara, lakini mshahara wa mwandishi unaujua, msomaji. Basi Jumamosi moja nilimtembelea, akanitazama mdomoni kwa muda mrefu, akasonya, akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na haja ya kuangaliwa.

Niliona heri nimweleze kwa kitu anachokijua. Nyumba yake ya jikoni imejengwa mteremkoni, na miaka mingi iliyopita nguzo ya upande mmoja ilizama, fremu ya mlango ikapinda. Fundi aliranda mlango mshazari ufuate fremu iliyopinda, ukafunga vizuri. Baadaye kaka yangu aliinyoosha nguzo, na siku hiyo mlango ukakataa kufunga. Uliacha pengo la kupita paka. Nikamwambia Mama kwamba meno yangu yalikuwa mlango huo. Daktari anaufanya mlango uwe mraba tena wakati fremu ingali imepinda, na kwa sasa lazima uachame. Fremu itanyooshwa na mpasuaji.

"Na huyo mpasuaji asipokuja?" Mama akauliza.

Swali hilo sikulijibu mara moja, kwa maana namfahamu mtu ambaye mpasuaji wake hakuja. Ni kijana wa upande wetu wa Nyamira, nisiyemtaja. Alitiwa nyaya akiwa na miaka 15 katika kliniki moja ambayo nayo siitaji. Hakuna aliyemwambia mzazi wake kama meno yanafichwa au yanatayarishwa, wala hakuna aliyesema kwamba taya la mvulana wa umri huo lingali linakua. Baada ya mwaka mmoja karo na waya zikagombania mfuko mmoja, na karo ikashinda. Nyaya zilibaki mdomoni bila kutazamwa, meno yakaanza kuoza kandokando ya vifungo, taya likaendelea kukua. Leo ana pengo kubwa kuliko alilokuwa nalo alipoanza, na ana haya ya kurudi kwa daktari yeyote.

Kwa hivyo, mzazi, usikubali kuuziwa waya pekee. Uliza bei ya safari yote: miezi ya nyaya kabla ya upasuaji, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 12 na 18, upasuaji wenyewe na vitanda vya hospitali, kisha nusu mwaka hivi wa nyaya baada ya hapo, na vifaa vya kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Uliza kama daktari wa nyaya na mpasuaji wamekwisha kuketi pamoja wakaitazama picha ya mtoto wako. Kama hawajawahi kuonana, subiri. Nauli pia ihesabu. Mimi nimehesabu yangu, na sitaki kuitaja jumla yake hapa kwa sababu mhariri atadhani naomba.

Umri nao ni jambo kubwa. Mtoto wa miaka kati ya 7 na 10 ambaye taya lake la juu limedumaa anaweza kusaidiwa na kifaa kinachovaliwa usoni cha kulivuta mbele, wakati mifupa ingali laini. Baada ya hapo dirisha hilo hujifunga polepole. Upasuaji kwa kawaida husubiri taya limalize kukua, yaani miaka 16 au 17 hivi kwa wasichana, na 18 au hata zaidi kwa wavulana. Ukikata mapema, taya linakua tena na kazi yote inakwenda na maji. Kati ya umri huo na ule kuna miaka mirefu ya utani wa shuleni. Mwanafunzi unayesoma haya, najua haikufariji kuambiwa usubiri, lakini huko kusubiri hakupotezi kitu: mfupa wako ukikoma kukua, kazi itakayofanywa itakaa.

Yangu iko tayari kufanywa. Mwezi uliopita daktari alikata nakala za plasta za mataya yangu kwa msumeno mdogo, akalisogeza la chini nyuma kidogo kidogo, kisha akaziunganisha upya. Zilipokaa mezani zilinikumbusha sanamu za mawe ya Tabaka kabla ya kupigwa msasa. Meno ya juu yalikaa juu ya yale ya chini kama kifuniko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona hivyo, japo kwa plasta. Siku hizi hospitali nyingine hufanya zoezi hilo kwa kompyuta, lakini mimi nilifurahi kulishika mkononi.

Nitalazwa kwa nusukaputi. Mpasuaji atafanya kazi yake yote kupitia ndani ya mdomo, hivyo usoni hakutakuwa na kovu. Nyuma ya magego, kila upande, mfupa wa taya utachanwa kwa urefu kama ubao unavyochanwa kuwa mbao mbili nyembamba, kisha sehemu iliyobeba meno itarudishwa nyuma na kukazwa kwa vibati na skrubu za titani, madini ambayo mwili huyavumilia. Njia hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1950 na Hugo Obwegeser, mpasuaji aliyezaliwa Austria na kufanya kazi kubwa Uswisi. Nyaya zangu zitabaki mdomoni, na sasa ndipo zitakapofanya kazi nyingine: vimpira vitatundikwa juu yake kuliongoza taya likae mahali pake jipya. Uso utavimba. Nitakunywa na kula vilaini wiki sita hivi mpaka mfupa ushike.

Iko hatari moja isiyofichwa. Ndani ya taya hilo unapita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia, na mfupa huchanwa karibu nao sana. Karibu kila mgonjwa huamka na ganzi hapo. Kwa wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa wengine ganzi kidogo hubaki maisha yote, na uwezekano huo huongezeka umri unaposonga. Mimi si msichana wa miaka 18.

Karatasi ya kukubali upasuaji nilipewa nikaisome nyumbani. Niliisoma na Mama jikoni, mstari kwa mstari, nikimfasiria kwa Ekegusii. Tulipofika kwenye ganzi aliniambia nirudie. Akauliza kama mdomo utaacha kutembea. Nikamwambia hapana, nitazungumza, na ulimi utaonja; ni ile hisia ya ngozi tu inayoweza kupotea. Akafikiri.

"Uji ukiwa wa moto utajuaje?"

Nikamwambia pengine itabidi nijaribu kwa kidole kwanza.

"Basi utajaribu kwa kidole," akasema, akanirudishia karatasi na kalamu.

Tarehe ni ya mwezi ujao. Ndizi amekwisha kuzifunika shambani ziive kwa wakati.